Bama, na neno lililopakwa wino

Babu yangu alikuwa Keya. Vijana wa leo neno hilo wanalisikia kwa wazee tu: askari wa King's African Rifles, KAR, ndio Keya. Alitolewa Tanga akiwa na miaka ishirini na kitu, akapandishwa meli, akashushwa upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1944 akawa anakanyaga matope ya bonde la Kabaw pamoja na vijana wa Kenya, Uganda na Nyasaland, wakiwasukuma Wajapani kuelekea mto Chindwin. Nchi ile yeye aliiita Bama mpaka anaingia kaburini. Mwaka 1989 majenerali wa kule walipoamua sasa iitwe Myanmar, babu hakuwa na habari.

Katika barua zake za vitani ilibaki moja. Bibi aliiweka kwenye kopo la biskuti, chini ya kabati, pamoja na risiti za kodi. Karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Inaanza kama barua zote za enzi hizo: ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali nami. Kisha anaandika kwamba mvua haikatiki, kwamba mbu wa huku wana njaa kuliko wa Pangani, kwamba wamefika kwenye... na hapo pana wino mweusi. Neno moja limepakwa, wino umekolea mpaka karatasi imejikunja.

Utotoni tulijaribu kila ujanja. Tuliishika mbele ya koroboi, tukaigeuza, tukaisoma kwa nyuma. Siku moja nusura tuiunguze, tukachapwa. Bibi alishikilia kwamba hapo babu alimwandikia neno la mapenzi, na Mzungu wa posta ya jeshi akaona wivu. Babu akicheka tu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaingia kwenye kazi hizi za kuandika, nilisoma jinsi majarida ya Bama yalivyokuwa yakifika mikononi mwa wasomaji yakiwa na mistari iliyopakwa wino wa rangi ya fedha. Nikalikumbuka kopo la biskuti. Tangu siku hiyo habari za waandishi wa kule nazifuatilia kama mtu anavyofuatilia habari za mtaa aliokulia mzazi wake.

Yule afisa aliyepaka wino barua ya babu simlaumu sana. Vita ni vita, na jina la mahali likimfikia adui watu wanakufa. Tatizo la Bama ni kwamba Mjapani alishaondoka, Mwingereza naye akafuata mwaka 1948, lakini mkono wenye wino haukuondoka. Ulipumzika kidogo tu. Tarehe 2 Machi 1962 Jenerali Ne Win akapindua serikali, na mwaka huohuo ikaja sheria ya kusajili wachapaji na wachapishaji. Kuanzia hapo kila kitabu, kila jarida, kila wimbo ulikuwa na msomaji wake wa kwanza, naye alikuwa mtu wa serikali.

Utaratibu wenyewe ulikuwa na ukatili wa kiofisi ambao mtu wa biashara ya vitabu ataung'amua haraka. Kwa miaka mingi mchapishaji alichapa kwanza, kwa karatasi yake na fedha yake, ndipo akapeleka nakala zikakaguliwa. Ukurasa usipopendeza, anaambiwa auchane. Uchane kwenye nakala zote, siyo moja. Ikiwa ni aya tu, ipakwe rangi. Hebu piga picha: jarida limeshabanwa pini, limefungwa mafungu mafungu, halafu mnakaa chini na brashi, nakala baada ya nakala, mnafuta sentensi ileile mliyoihariri wiki iliyopita. Na msomaji akinunua anaiona ile alama inang'aa katikati ya ukurasa. Haambiwi kilichofutwa, ila anajua mahali pa kukitafuta.

Waandishi waliibatiza ofisi ile ya ukaguzi jina la Kempeitai, polisi wa kijeshi wa Wajapani, wale wale waliowatesa wazee wao wakati wa vita vya akina babu.

Kichekesho chao kimoja kinajulikana dunia nzima. Mtu wa Bama amevuka mpaka kwenda kung'oa jino nchi jirani. Daktari anamuuliza, kwani kwenu hakuna madaktari wa meno? Anajibu: wapo, tena wazuri, lakini kule haturuhusiwi kufungua midomo. Utamu wake ni kwamba mchekeshaji wao mkubwa kuliko wote, Zarganar, alisomea udaktari wa meno. Jina hilo la jukwaani maana yake ni kibanio. Mwaka 2008 kimbunga Nargis kilipoua watu kwa makumi ya maelfu, alikusanya misaada kwa mikono yake na akasema hadharani kwamba serikali imewatupa watu. Akahukumiwa jumla ya miaka 59, kisha ikapunguzwa hadi 35. Unapunguziwa kifungo, na bado kinakuzidi umri uliobaki nao!

Lakini kwangu mimi, mtu niliyelelewa kwenye mashairi, kisa kinachoshinda vyote ni cha Saw Wai. Januari 2008 jarida moja la mapenzi lilitoa shairi lake la mistari minane kuhusu sikukuu ya wapendanao. Ukilisoma kama lilivyoandikwa, ni kijana anayelia na moyo wake, hakuna zaidi. Mkaguzi akalisoma, akaona mapenzi, akapitisha. Sasa chukua neno la kwanza la kila mstari, ushuke nayo kutoka juu mpaka chini. Yanatoka maneno ya kumwita Jenerali Mkuu Than Shwe, mtawala wa nchi, mwenda wazimu wa madaraka.

Sisi tuna msemo: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Kwa Saw Wai mjinga alikuwa mkaguzi anayelipwa mshahara kwa kusoma, na mwerevu alikuwa mwenye duka la chai. Nakala ziligombaniwa, na mshairi akakamatwa ndani ya siku chache. Akafungwa miaka miwili.

Nimelifikiria sana shairi lile, na naona lilihitaji watu wawili ili liwe shairi. Peke yake lilikuwa karatasi ya mapenzi ya kawaida tu. Lilihitaji msomaji aliyezoea kutoamini mstari, anayejua kwamba jambo lenyewe linaweza kuwa limesimama wima pembeni. Nusu karne ya udhibiti ilikuwa imemfundisha msomaji huyo bila ada. Hiyo ndiyo kazi moja ambayo ofisi ile iliifanya vizuri.

Gerezani nako kulikuwa na wino wake. Mwandishi wa habari Win Tin aliingia Insein, gereza kubwa la Yangon, mwaka 1989, akatoka Septemba 2008. Miaka kumi na tisa. Alinyimwa kalamu, akasaga tofali akapata wino, akachonga mwanzi akapata kalamu, akaandika mashairi ukutani. Siku ya kuachiwa hakuirudisha shati ya bluu ya mfungwa, na kuanzia hapo hakuvaa rangi nyingine, akisema ataivua wenzake wote wakitoka. Alikufa Aprili 2014 bado amevaa bluu. Ma Thida, daktari na mwandishi wa hadithi, alihukumiwa miaka ishirini mwaka 1993, akakaa zaidi ya mitano, sehemu kubwa peke yake, mgonjwa wa kifua kikuu. Alitoka akaandika kitabu kuhusu hayo, na mwaka 2012 kikachapwa palepale Yangon kwa lugha yao. Miaka michache nyuma mtu angefungwa kwa kukifikiria tu.

Maana mwaka 2012 kitu kilitokea. Serikali ya Thein Sein, jenerali aliyevua gwanda akavaa vazi la kiraia, ilikuwa imeanza kulegeza kamba. Mwaka 2011 waliachia kwanza habari za michezo, za wasanii na za afya. Tarehe 20 Agosti 2012 wakaachia zilizobaki, siasa na dini. Hakuna tena kupeleka maandishi yakaguliwe kabla. Aprili 1, 2013 magazeti binafsi ya kila siku yakarudi mitaani, baada ya nusu karne hivi ya kusoma magazeti ya kila siku ya serikali peke yake. Februari mwaka ule waandishi waliotoka uhamishoni na waliotoka jela walikaa jukwaa moja hotelini kando ya ziwa Inya. Yale maduka ya chai, ambayo kwao ni kama vijiwe vya kahawa kwetu, yakajaa magazeti.

Mimi nilishangilia. Niliandika hata makala, nashukuru Mungu haipatikani tena, nikisema kwamba Bama imefunga ukurasa.

Sikuelewa wakati ule, na nimechelewa kuelewa, kwamba kumwondoa mkaguzi siyo kuondoa adhabu. Ni kuihamisha tu. Zamani maandishi yalisomwa kabla hayajatoka, na kinachokatwa ni sentensi. Sasa yanatoka kwanza, hakuna anayekukataza, halafu siku moja anakuja mtu na karatasi ya mashtaka. Mkaguzi wa zamani angalau ulimjua ofisi yake na saa zake za kazi. Wa sasa anaweza kuwa mwanajeshi, kada wa chama, mtawa, jirani uliyegombana naye. Mwaka 2013 ilipitishwa sheria ya mawasiliano yenye kifungu 66(d), cha kumfunga mtu hadi miaka mitatu kwa kumkashifu au kumsumbua mwenzake kwa njia ya mtandao. Mwaka uliofuata laini ya simu, ambayo zamani iliuzwa kwa mamia ya dola, ikashuka hadi dola moja na nusu. Nchi nzima ikaingia Facebook kwa mkupuo, na kifungu kinawasubiri mlangoni.

Mmoja wa waliokwama pale ni kijana mshairi, Maung Saungkha. Mwaka 2015 aliposti beti za utani akidai amejichora chale ya sura ya rais mahali ambapo heshima hainiruhusu kupataja humu. Alikaa rumande miezi sita, na hukumu ilipotoka Mei 2016 ikawa miezi sita hiyohiyo, akaenda nyumbani. Angalia tarehe. Mei 2016 serikali ilikuwa tayari ya Aung San Suu Kyi, mama aliyeongoza upinzani dhidi ya majenerali, na bungeni walijaa wafungwa wa zamani, wakiwemo washairi. Walikuwa na wingi wa kukifuta kifungu kile. Walikipunguza makali kidogo, wakakiacha, na kesi zikaongezeka.

Napenda kusimama hapa kwa sababu ndipo watu wengi wanaporuka. Tunaisimulia Bama kama hadithi ya askari wabaya na malaika mmoja mwenye ua kichwani. Lakini mwaka 2019, chini ya serikali ya raia, kundi la vijana liitwalo Peacock Generation lilifungwa kwa ajili ya thangyat. Hii ni michezo ya beti za kupokezana wakati wa sikukuu ya maji mwezi Aprili, mmoja anarusha, kundi linadakia, na anayesemwa anasemwa kwelikweli. Kwa sisi wa taarabu, waza mipasho, ila anayepashwa ni jeshi. Jeshi lilishtaki, mahakama ikafunga, na waliochaguliwa kwa kura wakatazama pembeni.

Na waandishi wawili wa Reuters, Wa Lone na Kyaw Soe Oo, walikamatwa Desemba 2017 wakichunguza mauaji ya wanaume kumi Warohingya, Waislamu walio wachache kule, katika kijiji cha Inn Din. Walipewa miaka saba kwa Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1923. Suu Kyi, alipoulizwa, alisema hawakufungwa kwa kuwa waandishi, bali kwa kuvunja sheria hiyo. Sheria ya Mwingereza, iliyotungwa Bama ikiwa bado mkoa wa India. Kifungu kingine kinachopendwa na majenerali, namba 505 cha maneno ya uchochezi, kimetoka kwenye Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, na msomaji wa Tanga au Mombasa asidhani hiyo ni habari ya mbali. Kanuni hiyohiyo ilitumika Zanzibar, na ndiyo iliyotumika Kenya na Tanganyika hadi 1930. Babu alizaliwa chini yake, akaenda kuipigania nchi nyingine iliyokuwa chini yake.

Kuhusu Warohingya siwezi kuwapamba waandishi. Uhuru wa 2012 uliwafungulia mdomo na wenye chuki. Kwenye Facebook yalizagaa maneno ya kuwaita binadamu wadudu, na kuanzia Agosti 2017 zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh, vijiji vikiungua nyuma yao. Wengi waliotoka jela kwa ajili ya haki ya kusema, hapo hawakusema. Wachache walithubutu. Htin Lin Oo, mwandishi na mwanachama wa chama cha Suu Kyi, mwaka 2014 alisimama kwenye tamasha la vitabu akasema Ubuddha usitumike kuchochea ubaguzi. Chama kikamvua cheo, mahakama ikampa miaka miwili na kazi ngumu. Akapigwa na pande zote mbili kwa hotuba moja.

Nijisute na mimi kidogo. Nimewahi kufanya kazi kwenye gazeti moja, silitaji, ambako mhariri aliniita akanionyesha sentensi yangu aliyoipiga mstari mwekundu. Nikamuuliza, mzee, nani amekataza? Akanijibu, "Mwanangu, hakuna aliyekataza. Nakusaidia wasije wakakataza." Niliitikia, "Sawa mzee," nikaifuta mwenyewe. Haikuwa sentensi ya maana. Ilihusu bei ya sukari. Lakini nilipowasoma wale wa Bama wakieleza jinsi, hata baada ya ofisi ile kufungwa, mkono ulivyokuwa ukisita wenyewe kabla ya majina fulani, sikuhitaji tafsiri.

Februari 1, 2021 jeshi likarudi waziwazi. Ndani ya wiki mbili kifungu 505 kilikuwa kimeongezwa meno. Machi 8 vyombo vitano vya habari, Mizzima na DVB vikiwemo, vikanyang'anywa leseni kwa mkupuo. Zarganar akakamatwa tena, mara ya ngapi sijui mwenyewe anahesabuje. Wahariri wakavuka mto kuingia Mae Sot, Thailand, na kompyuta ndani ya mifuko ya nguo. Maung Saungkha, yule wa beti za utani, akaingia msituni akaunda jeshi lake dhidi ya majenerali. Kila nikiona picha yake na bunduki nashindwa kuamua kama nifurahi au nilie. Mshairi aliyeweka kalamu chini ni hasara, hata akishinda.

Mji uliotajwa kuliko yote kwenye habari za washairi ni Monywa. Machi 3, 2021 askari walifyatulia waandamanaji risasi pale, wakamuua K Za Win, mtu aliyekuwa mtawa, aliyewahi kufungwa mwaka mmoja na zaidi kwa kuandamana na wanafunzi wakidai elimu. Siku hiyohiyo, mji huohuo, akauawa Myint Myint Zin, mwalimu na mshairi. Mei akafuata rafiki yao Khet Thi, mhandisi aliyeacha kazi mwaka 2012, mwaka ule ule wa matumaini, ili aandike mashairi, akawa anajikimu kwa kuuza aiskrimu na keki. Aliandika kwamba wanapiga risasi kichwani, hawajui mapinduzi yamo moyoni. Walimchukua akiwa hai kwa ajili ya mahojiano, na kesho yake mkewe akaitwa kuchukua maiti. Alisema ilikuwa imepasuliwa na viungo vya ndani havimo.

Mashairi hayo ya Monywa hayana fumbo. Nimeyatafuta maneno ya kushuka nayo kutoka juu hadi chini, kwa mazoea ya Saw Wai, sijapata. Yanasomeka moja kwa moja, kushoto kwenda kulia, kama barua kwa mtu wa nyumbani. Hiyo ndiyo alama pekee ninayoiona ya ile miaka michache ya kuandika bila mkaguzi: watu walijifunza kusema jambo kwa jina lake, na risasi zilipoanza hawakurudi kwenye mafumbo.

Monywa iko ukingoni mwa mto. Siku nilipoifungua ramani kuitafuta, nilifuata ule mstari wa bluu kwa kidole kuelekea kaskazini, nikafika Kalewa, ambako mwishoni mwa 1944 akina babu walifika wakiwa wamelowa mpaka mifupani, na wahandisi wakaunganisha daraja la vyuma ili jeshi livuke.

Kopo la biskuti sasa liko kwangu. Juzi mwanangu alilifungua akaikuta barua, akaishika mbele ya taa ya simu, akaigeuza, akaisoma kwa nyuma.

"Mama, hapa babu mkuu aliandika nini?"

Bibi hayupo tena wa kubisha. Nikamwambia alivyoniambia babu mwenyewe, siku moja nilipombana sana barazani: jina la mto tu. Chindwin.

Akachukua penseli, akaliandika pembeni kwa herufi zake kubwa za darasa la tatu. Nikataka kumzuia, barua ile ni ya kumbukumbu. Nikamwacha.